Mafuta ndani ya mwamba: hesabu ya retoti kwa mfanyabiashara wa Bariadi

Wasomaji wetu wa Bariadi, Maswa na Lamadi wamezoea kuona ukurasa huu ukianza na pamba mbegu, kisha mashudu, kisha dengu na choroko. Wiki hii tunaanza na dizeli. Hakuna bidhaa hata moja kati ya hizo inayofika sokoni bila kupandishwa kwenye gari, na hakuna mashine ya kusaga kule vijijini ambako umeme haujafika inayozunguka kwa maji ya kisima.

Kila mwezi, Jumatano ya kwanza, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kwa kila mji. Mwenye kituo Bariadi huangalia mstari wa mji wake na kukuta bei iliyo juu kuliko ile ya Dar es Salaam au Tanga, kwa kuwa lita hiyo imesafiri njia ndefu kutoka bandarini. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Bei ya dunia ikipanda, mkulima wa Itilima huilipa mara mbili: mara ya kwanza kwenye nauli ya kwenda mjini na mara ya pili kwenye bei ya pembejeo zinazomfikia.

Ni katika vipindi hivyo vya bei kubwa ndipo huzuka habari ya jiwe linalowaka. Mtu huja na kipande cheusi mfukoni, hukishika kwa koleo juu ya moto, moshi hutoka na harufu ya mafuta ya taa husikika. Kisha hutajwa mtambo, na baada ya mtambo hutajwa hisa. Makala haya yanaeleza mtambo huo unafanya nini, umefanya kazi wapi, na ni maswali gani ya kuuliza kabla ya kufungua pochi.

MWAMBA GANI HUO

Wataalamu wa Ulaya huuita sheli ya mafuta. Kwetu jina hilo linaleta mkanganyiko, maana sheli kwa Mtanzania ni kituo cha kujazia mafuta. Tuuite mwambatope wa mafuta. Ni tope laini la zamani sana, lililotulia chini ya ziwa au bahari pamoja na mabaki ya mwani na viumbe wadogo, mahali ambapo hewa haikufika vya kutosha kuyaozesha. Tope likagandamana likawa jiwe, na mabaki yale yakawa kitu kigumu, kisichoyeyuka, kinachoitwa kerojeni.

Kerojeni si mafuta bado. Ikifukiwa kilometa kadhaa chini ya ardhi na kupata joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi kwa mamilioni ya miaka, hupasuka taratibu ikawa mafuta na gesi, na hivyo ndivyo visima vingi vya dunia vilivyopata mali yake. Isipofukiwa kwa kina cha kutosha, hubaki ndani ya jiwe kama ilivyo. Anayechimba mwambatope huwa amefika kabla ardhi haijamaliza kupika. Hana budi kumalizia mwenyewe, kwa haraka na kwa kuni zake.

Chombo cha kumalizia mapishi hayo ni retoti. Ni chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa ili hewa isiingie. Jiwe huvunjwavunjwa, hutiwa ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 500 hivi. Kwa kuwa hakuna hewa, kerojeni haiungui. Hupasuka ikawa mvuke. Mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa, nao hudondoka ukiwa mafuta na maji, wakati sehemu isiyotaka kupoa hubaki kuwa gesi. Aliyewahi kuona mtambo wa gongo, ambao sheria inaukataza, ameona ndugu mdogo wa retoti: pipa, bomba, maji ya kupoza, chupa. Tofauti kubwa ni joto. Pombe hutoka chini ya nyuzi 100, bali hapa chuma chenyewe hukaribia kuwa chekundu.

KIPIMO CHA GRAMU 100

Jaribio la kwanza halihitaji mtambo mkubwa. Ulimwenguni kote kinatumika kipimo cha maabara kiitwacho kipimo cha Fischer. Gramu 100 za jiwe lililosagwa hutiwa kwenye retoti ndogo ya alumini, joto likapandishwa kwa nyuzi 12 kila dakika hadi 500, likashikiliwa hapo dakika 40. Mafuta na maji yanayotoka hupimwa kila kimoja peke yake.

Hesabu yake mfanyabiashara anaweza kuifanya kichwani. Kila mililita moja ya mafuta iliyotoka katika gramu 100 ni sawa na lita 10 kwa tani moja ya jiwe. Zikitoka mililita 6, mwamba una lita 60 kwa tani. Mwamba wa Colorado nchini Marekani, ule unaotajwa kuwa mzuri, huwa na lita 100 hivi kwa tani, na ule wa Estonia ni tajiri zaidi. Chini ya lita 40 ni watu wachache wanaojisumbua.

Sababu ya kutojisumbua ni joto lenyewe, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kupasha tani moja ya jiwe hadi nyuzi 500, pamoja na kukausha unyevu wake, hula joto linalokaribia lile la lita 19 za dizeli. Hayo ni makadirio ya tanuri lisilopoteza chochote. Tanuri la kienyeji likipoteza nusu ya joto lake, basi ni lita 38, na tuseme 40. Mwenye mwamba wa lita 60 kwa tani akitumia mafuta kupika mafuta, atabaki na lita 20. Mwenye mwamba wa lita 30 atakuwa anaingia hasara kila anapowasha.

Mitambo ya kweli inakwepa shimo hilo kwa kuchoma gesi isiyopoa, pamoja na kaboni inayobaki ndani ya jiwe baada ya mafuta kutoka. Hivyo mafuta yote huuzwa na moto hujilisha wenyewe. Ukiambiwa juu ya mtambo wowote, swali la kwanza liwe hilo: moto wa chini unalishwa na nini?

Sasa tuingize malori. Tangi moja la barabarani la lita 35,000, kwa mwamba wa lita 60 kwa tani na moto unaojilisha, linadai tani 583 za jiwe, yaani safari 58 za lori la tani 10. Kwa moto unaolishwa kwa mafuta yenyewe, ambapo hubaki lita 20 tu kwa tani, tangi hilohilo linadai tani 1,750, safari 175. Na jiwe halimaliziki. Kwa kila tani iliyoingia, kilo 900 hivi hutoka zikiwa majivu na kokoto zilizoungua, ambazo huvimba kidogo kuliko zilivyoingia, hivyo hata shimo zilikotoka haziwezi kurudi zote. Mvua ikinyesha juu ya lundo hilo, maji yanayochuruzika huwa na chumvi na sumu za madini. Katika wilaya ambako ng'ombe hunywa lambo moja na watu, jambo hilo si dogo.

WALIOJARIBU KABLA YETU

James Young wa Scotland alipata hataza yake mwaka 1850, na viwanda vya Scotland vilivyokua baada ya hapo viliendelea hadi 1962. Afrika Kusini ilikuwa na kampuni ya Satmar iliyochimba jiwe la aina hiyo huko Ermelo kuanzia 1935. Nayo ilisimama 1962, jiwe zuri lilipokwisha. Wote wawili waliishi kwa sababu mafuta ya kisima yalikuwa mbali, au ghali, au yamezuiwa na vita. Estonia inaendelea mpaka leo baada ya zaidi ya miaka 100, lakini Estonia ina mwamba tajiri uliolala karibu na uso wa ardhi, reli, umeme wake wenyewe, na haina mafuta mengine.

Kisa ambacho mwekezaji yeyote anapaswa kukijua ni cha Colorado. Bei ya mafuta ilipopaa baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979, kampuni ya Exxon iliingia mradi wa Colony kwa gharama iliyokadiriwa kupita dola bilioni 5. Mji mpya ukajengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Bei ikaanza kushuka, na tarehe 2 Mei 1982, siku ya Jumapili, Exxon ikatangaza kuacha. Watu zaidi ya 2,000 walipoteza kazi, na wenye maduka, nyumba za kupanga na magari ya mkopo wakaachwa na madeni. Hao wa mwisho ndio wanaofanana na wasomaji wetu. Hawakuwa na hisa hata moja katika retoti, walijenga tu karibu nayo.

Australia ilijaribu tena karibu na Gladstone mwaka 1999. Mtambo ulitoa zaidi ya mapipa milioni moja, majirani wakalalamikia harufu, na ulipofika 2004 kazi ikafungwa. Shell nayo ilijaribu njia nyingine huko Colorado, ya kupika mwamba ukiwa bado ardhini kwa kuchomeka vipasha joto vya umeme, ikaachana nayo 2013.

Karibu zaidi na sisi ni Kisangani, mashariki mwa Kongo. Tabaka za mwambatope zimelala huko kufuata mto Lualaba, na makadirio ya mwaka 1958, ambayo bado yanarudiwa katika orodha za kimataifa, yanataja mapipa bilioni 100 ya mafuta ndani ya mwamba. Namba hiyo ni kubwa kuliko akiba ya nchi nyingi zenye visima. Hata hivyo lori la dizeli linaloingia Kisangani leo hubeba mafuta kutoka nje. Mapipa yaliyomo ndani ya jiwe na mapipa yaliyo sokoni ni vitu viwili, na kati yake kuna retoti, barabara, maji na umeme.

BARIADI INA MWAMBA HUO?

Sehemu kubwa ya Bariadi, Itilima, Maswa na Busega imekaa juu ya miamba ya kale sana, matale na mawe ya kijani yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hiyo ndiyo miamba iliyowapa majirani dhahabu, na ndiyo iliyowaleta watafiti wa nikeli Dutwa. Haina kerojeni, kwa kuwa ilitokana na moto wa chini ya ardhi, au iliungua upya baadaye. Weusi wa jiwe la huko ni wa chuma na madini mengine. Weusi wa udongo wa mbuga nao usimdanganye mtu. Mkulima wa Kisukuma anajua tofauti ya mbuga na luseni kwa jembe lake, na katika hizo mbili hakuna mafuta ya taa.

Upande wa Meatu hali ni tofauti. Huko ardhi inashuka kuelekea bonde la Wembere na Eyasi, ambalo ni tawi la Bonde la Ufa, na mabonde ya namna hiyo hukusanya tope la maziwa kwa muda mrefu. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, limekuwa likitafuta mafuta katika bonde la Eyasi Wembere, linalogusa Simiyu, Singida, Tabora, Shinyanga, Manyara na Arusha. Miongoni mwa kazi zake ni uchorongaji wa visima vifupi vya utafiti, kimojawapo kikiwa Nyalanja wilayani Meatu, ili kuona tabaka zilivyopangana. Kinachotafutwa hapo ni mafuta ya kisima, yaliyokwisha kupikwa na ardhi, kama yale yaliyogunduliwa Uganda mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert, ambayo bomba lake la kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani Tanga linapita mkoa jirani wa Shinyanga bila kugusa Simiyu.

Uhusiano wa mambo hayo mawili ni huu. Kama chini ya Wembere kuna tope lenye kerojeni, sehemu iliyofukiwa sana huenda imetoa mafuta, na sehemu isiyofukiwa vya kutosha hubaki kuwa mwambatope. Kwa hiyo mtu akisema ana mwambatope wa Simiyu, muulize ameutoa upande gani. Akitaja mlima wa mawe karibu na Bariadi mjini, mazungumzo yanaweza kuishia hapo. Akitaja Meatu, mwambie alete matokeo ya maabara, yenye muhuri wa maabara na namba ya sampuli, na aoneshe mahali jiwe lilipotoka kwenye ramani ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ya Dodoma.

Liko pia suala la maji. Makadirio ya Marekani yanataja pipa moja hadi matatu ya maji kwa kila pipa la mafuta, kwa kupoza, kulowesha majivu na kutuliza vumbi. Anayeijua Meatu mwezi wa Oktoba haihitaji maelezo zaidi.

Na kinachotoka kwenye bomba la retoti si dizeli. Ni mafuta mazito yenye naitrojeni na salfa nyingi, yanayobadilika kuwa ulimbo yakikaa kwenye pipa. Ukiyatia kwenye injini ya trekta utanunua nozeli mpya. Kuyasafisha yawe dizeli kunahitaji haidrojeni na kiwanda cha aina ambayo nchi nzima haina. Bila hicho huuzwa kama mafuta ya kuchomea boila au tanuri, kwa bei ya chini.

Tahadhari moja kwa mafundi wa gereji. Pipa lililofungwa pande zote na kuwekwa motoni bila bomba la kutolea mvuke ni bomu. Hata lenye bomba hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ikizidi pua huacha kuinusa, na mtu huanguka bila kujua. Jaribio la namna hiyo halifanyiki ndani ya banda.

RETOTI YA MITI YA PAMBA

Chungu kilekile, bila jiwe, kina kazi nyingine Simiyu. Huu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na kila msimu hubakiza shambani miti ya pamba ambayo mkulima anatakiwa aing'oe na kuichoma ifikapo tarehe 15 Septemba, ili funza mwekundu asipate mahali pa kulala mpaka msimu unaofuata. Kwa hiyo kila mwaka kuni hizo huungua bure mashambani, katika nchi ambayo uhaba wa kuni ulisababisha serikali kuanzisha HASHI mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoa wa Shinyanga, na kuwarudisha watu kwenye ngitili.

Miti ya pamba haihitaji nyuzi 500. Nyuzi 400 hivi zinatosha kuigeuza mkaa, na gesi inayotoka hurudishwa chini ya pipa ikawa moto wake. Robo ya uzito wa miti mikavu hutoka ikiwa mkaa. Vipimo vya India vinataja tani 2 hadi 3 za miti kwa hekta, lakini pamba yetu ni fupi, hivyo tuchukue nusu tani kwa ekari. Hiyo ni kilo 125 za mkaa kwa ekari, au tani moja kwa ekari 8.

Kikwazo kiko kwenye pipa. Pipa la lita 200 haliwezi kubeba zaidi ya kilo 25 hivi za miti iliyokatwakatwa, kwa kuwa ni myepesi na ina uwazi mwingi. Kwa kuwasha mara mbili kwa siku, ekari moja inachukua siku 10. Kati ya mwisho wa kuchuma na 15 Septemba mkulima aliyewahi kupanda anaweza kupata wiki 6, kwa hiyo pipa moja linahudumia ekari 4 na kutoa nusu tani ya mkaa kwa msimu. Mkaa wenyewe ni wa chengachenga, lazima usagwe na kushindiliwa pamoja na uji wa muhogo uwe mkaa mbadala.

Msomaji achukue bei ya kilo ya mkaa sokoni kwake, aizidishe kwa 500, kisha atoe bei ya pipa, fundi wa kuchomelea, unga wa muhogo, na vibarua wawili kwa siku 42. Kwa mwenye pipa moja, vibarua peke yao watakula sehemu kubwa ya fedha hiyo. Kwa familia inayotumia nguvu zake yenyewe, au kiwanda cha kuchambua pamba chenye tanuri la matofali linalopokea tani kadhaa kwa mkupuo, hesabu inabadilika. Lakini kiwanda nacho kisirundike miti uani hadi Desemba kwa kungoja zamu ya tanuri, kwa kuwa funza atakuwa amehamia uani. Isiyowahi kuingia tanurini kabla ya tarehe ichomwe kama kawaida.

Bei ya dizeli nayo haimngoji mtu. Mapema mwaka 2016 pipa la mafuta ghafi lilikuwa chini ya dola 30. Aprili 2020 mkataba wa mafuta ya Marekani uliuzwa kwa siku moja chini ya sifuri. Machi 2022 pipa likavuka dola 120. Mtambo wa kupika mwamba huchukua miaka kadhaa kujengwa, kwa hiyo anayeuanza bei ikiwa juu hana uhakika wa bei atakayoikuta siku ya kufungua bomba. Pipa la miti ya pamba hutengenezwa kwa siku moja kwenye gereji yoyote ya Bariadi, na likishindwa hurudi kuwa pipa la maji baada ya kusuguliwa vizuri.

Pamba mbegu, mashudu na dengu zitarejea mahali pake wiki ijayo.